Jinsi Nchi Ilivyosimama, Ukucha kwa Ukucha

Jiwe lenyewe hili hapa. Lipitisheni mkono kwa mkono, mlipapase, kisha mnirudishie. Limeviringana kama yai la bata, laini kama goti la mtoto mchanga, na jembe la Mwajabu ndilo lililolifukua asubuhi ya leo, hapa tunapozoa tope la ndiva, bwawa letu la kunyweshea mashamba, huku juu karibu na mawingu. Ni jiwe la mto. Na mto uko wapi? Uko kule chini bondeni, mwembamba kama uzi uliodondoka kwa fundi.

Mwajabu ni bibi harusi wetu kutoka tambarare. Hajamaliza hata msimu mmoja hapa, na ulimi wake haujajifunza kunyamaza mbele ya wakwe. Nampenda kwa hilo. Kaniuliza mbele ya watu wote waliokuja msaragambo, kazi hii yetu ya pamoja: "Bibi, ni mwendawazimu gani alibeba jiwe la mto mpaka huku? Na nyie nani aliwalazimisha kuishi ukutani kama mijusi?" Wanaume wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Mimi sikucheka. Swali la maana halichekwi, linajibiwa. Basi kaeni, mnywe togwa yenu, nami nitajibu. Anayetaka kusinzia akasinzie mbali, asinikoromee.

Kabla nchi haijajua kusimama, ilikuwa imelala chali, bapa kama ungo uliofunikwa. Kilima hakikuwapo, bonde halikuwapo, wala neno la kupanda halikuwapo vinywani mwa watu, maana kulikuwa hakuna pa kupanda. Ukimtuma mtoto kwa shangazi yake, ulimwona njia nzima akienda, akicheza, akirudi, na alipofika ulikuwa umeshajua yote kabla hajatunga uongo wake. Maji nayo hayakuwa na haraka. Yalitoka ardhini yakakaa palepale yakitazamana na jua, kwa sababu hayakuwa na mahali pa chini pa kukimbilia.

Na nchi ilikuwa changa bado. Mmeuona uji ukiipuliwa jikoni? Ndani unatokota, juu unashika utandu, na ukigusa utandu kwa ncha ya mwiko unasogea mzima mzima. Ndivyo dunia ilivyokuwa. Chini kabisa moto, juu ya moto uji wa mawe, na juu ya uji huo utandu tunaoukanyaga. Utandu wenyewe haukuwa mmoja. Ulikuwa vipande, kila kipande kimekaa mahali pake kwa adabu, kikimtazama mwenzake.

Kipande cha upande wa mawio kilikuwa cha ukoo wa Kajiru. Kajiru alikuwa mtu mnene, mcheshi, mpenda kuketi mahali pa mbele. Kipande cha upande wa machweo kilikuwa cha ukoo wa Mrindoko, mtu mwembamba, asiyesema sana, lakini mwenye macho yanayohesabu. Katikati ya vipande hivyo viwili palikuwa na ukanda wa ardhi usiolimwa na mtu. Uliitwa Kati, basi, maana watu wa siku hizo hawakupoteza muda kutafuta majina. Na katikati ya Kati palikuwa na chemchemi moja, na hiyo moja ndiyo iliyowanywesha watu wa pande zote mbili pamoja na mbuzi wao.

Chemchemi hiyo ilikuwa na mlinzi, mama mmoja aliyeitwa Nakijwa. Msikilizeni vizuri huyu, kwa sababu yote yanamzunguka yeye. Nakijwa alizaliwa upande wa machweo, dada yake Mrindoko toka nitoke. Akaolewa upande wa mawio, na ndugu wa Kajiru. Mumewe alipofariki alizikwa Kati, kando ya chemchemi, nao wazee wa pande zote mbili wakasema Nakijwa akae hapo, ajenge, ayalinde maji, kwa kuwa hakuna upande utakaomwita mgeni. Akakaa. Alifagia ukingo wa maji kila asubuhi, akapanga mawe laini, ya mviringo kama hili, chini ya chemchemi ili maji yasichafuke mtu akichota, na aliyekuja na kibuyu kichafu alirudishwa nacho, awe nani.

Mpaka wa kila upande ulikuwa safu ya masale. Mwajabu, masale ni ile mimea uliyoiona mbele ya nyumba ya mkweo, majani marefu ya kijani, isiyokufa hata ukiisahau. Ukikata kijiti chake ukakichomeka popote, kinashika. Kajiru alikuwa na safu yake, Mrindoko na yake, na Kati ilikaa baina ya safu hizo mbili. Siku mtu alipopanda masale alisema kwa sauti: "Hapa ndipo mwisho wangu." Nchi ilimsikia, nayo ikajua pa kukomea.

Sasa lazima mjue tabia ya nchi. Nchi ni kubwa, lakini haijui hila. Wewe ukiona masale yamehama utauliza nani kayahamisha. Nchi haiulizi. Inasema moyoni mwake, "Kumbe masale yako pale? Basi mimi nimechelewa." Na inajivuta polepole, ifike pale ilipoambiwa ndipo mwisho wake.

Ikaja siku Kajiru alikuwa akipalilia masale yake. Kupalilia masale ni kazi ya heshima, hufanywa mchana watu wote wakiona, na hakuna anayemtilia shaka mtu aliyeinama anasafisha mpaka wake. Akainua macho akaiona chemchemi inameremeta kule Kati. Akawaza: ingekuwa upande wangu, si ningewagawia wote kwa ukarimu? Mwizi wa siku hizo na wa siku hizi huanza hivyohivyo, kwa kujiona mkarimu. Akang'oa mche mmoja, akauchomeka mbele kidogo, kiasi cha ukucha. Kisha wa pili, wa tatu, mpaka safu nzima ikawa imesogea ukucha. Akajifuta jasho, akaenda kula.

Na Mrindoko, kule machweo, alikuwa ameinama akipalilia ya kwake. Nadhani mmeshajua alichokifanya. Ukucha na yeye.

Watu wa zamani hizo waliishi maisha marefu, kwani kifo kilikuwa bado mgeni, hakijazijua njia za majumbani. Kwa hiyo palizi moja ilifuatwa na nyingine, na nyingine, miaka ikaja kwa makundi kama kunguru, na kila palizi ukucha mmoja huku na ukucha mmoja kule. Wawili hao walipokutana kwenye chemchemi walisalimiana kwa adabu zote.

"Shemeji, masale yako yanapendeza."

"Ni matunzo tu, shemeji. Hata yako yananawiri."

Hakuna aliyeona kitu, kwa kuwa ukucha hauonekani. Nchi peke yake ndiyo iliyoona. Utandu wa mawio ukajivuta kuelekea machweo, utandu wa machweo ukajivuta kuelekea mawio, na Kati ikabaki baina yao kama mtu aliyelala katikati ya wawili kitandani, kila mmoja anamsukuma kwa kiuno.

Wa kwanza kujua alikuwa Nakijwa, na chungu ndicho kilichomwambia. Aliteleka uji asubuhi moja, ukamwagika upande. Akalaumu mafiga, akaweka kijiwe chini ya figa moja, chungu kikakaa sawa. Baadaye kikainama tena, akaongeza kijiwe. Kisha akaanika maharage uani, maharage yakaanza kujiviringisha yenyewe kuelekea mlangoni, jambo ambalo maharage hayakuwahi kulifanya tangu dunia iumbwe. Kisha mlango ukagoma kufungika.

Akamwita kaka yake. Mrindoko akaja, akautazama mlango, akasema, "Dada, mlango umezeeka. Mbao hujikunja."

Akamwita shemeji yake. Kajiru akaja, akaketi penye kivuli, akasema, "Shemeji, nyumba uliyojengewa na watu wa machweo unategemea nini? Hamia kwetu. Nyumba zetu zimenyooka."

"Sikukuita unitafutie pa kuhamia," Nakijwa akawaambia wote wawili, kila mmoja kwa siku yake. "Mume wangu amelala hapa. Maji yapo hapa. Nauliza ardhi yangu ina nini."

"Haina kitu," wakasema, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Kati ikaendelea kubanwa. Tandazeni mkeka, mtu mmoja asukume huku na mwingine asukume huku, mtaona unafanya nini. Hauna pa kwenda ila juu. Ardhi ya Kati ikanyanyuka mkunjo mmoja, mdogo, kama mgongo wa mbuzi aliyelala. Mbuzi wenyewe ndio waliofurahi kwanza, wakapanda juu ya mkunjo huo na kusimama kileleni bila sababu yoyote, na mpaka leo hawana sababu. Watoto nao wakavumbua kuteleza. Watu wazima wakasema ni chuguu kubwa tu, mchwa wana kazi zao.

Mkunjo ukazaa mkunjo. Mgongo wa mbuzi ukawa mgongo wa ng'ombe, wa ng'ombe ukawa wa nyumba. Mawe yaliyokuwa chini kabisa, ambayo hayakuwahi kuona jua, yakachomoza mbavu zao nje. Halafu siku moja, saa ya kuchota maji, nchi ikanguruma kutoka tumboni. Vibuyu vikaanguka kutoka ukutani, kuku wakapaa juu ya mapaa, na Kati ikapasuka ikapanda kwa mkupuo mmoja kuliko ilivyopanda kwa palizi zote zilizotangulia. Vumbi lilipotulia, nyumba ya Nakijwa ilikuwa imelala kifudifudi. Yeye mwenyewe alikuwa salama, ameketi chini ameshika mwiko. Lakini palipokuwa na chemchemi palikuwa na ufa mkavu. Maji hayakuwapo, na hata yale mawe laini aliyoyapanga kwa mkono wake hayakuwapo. Kaburi la mumewe nalo lilikuwa limechukuliwa na mwinuko kwenda juu, kwenye ukungu usiopenyeka kwa macho.

Hapo ndipo watu walipopata akili, kwa maana kiu haijadiliani na mtu. Watu wa mawio walikuja na vibuyu wakakuta ufa. Watu wa machweo walikuja wakakuta ufa uleule. Wakatazamana. Mbuzi wakaanza kulamba mawe. Wazee wa pande zote wakasema hakuna njia, tufunge mizigo, tuhame, kila ukoo uende kutafuta maji yake kivyake.

"Hameni," akasema Nakijwa. "Mimi nakwenda kumtazama mume wangu."

Akachukua kibuyu kimoja, akaanza kupanda. Mtu wa kwanza kupanda mlima duniani alikuwa mjane mwenye hasira, na alipanda kwa mikono na miguu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kupanda. Wakamtazama akiwa mdogo, mdogo zaidi, mpaka ukungu ukamla. Wanawake wakaanza kumlilia.

Jua lilipoinama akarudi. Sketi yake ya ngozi ilikuwa imeloa mpaka magotini, na kibuyu kilikuwa kimejaa. Akanywa mbele yao, polepole, akafuta mdomo kwa kiganja.

Kajiru akawa wa kwanza kumkimbilia. "Shemeji! Maji yako wapi?"

"Yapo."

"Wapi, dada?" Mrindoko akauliza.

"Nimekaa kule juu," Nakijwa akasema, "nikaitazama nchi yote kama ninavyotazama kiganja changu. Nimeyaona masale yenu. Kutoka chini hayaonekani, lakini kutoka juu yanaonekana. Safu zenu zimeacha makovu kila zilipopita, mistari kwa mistari, kama ngozi ya tumbo la mama aliyezaa. Sasa simwonyeshi mtu maji mpaka aseme kwa kinywa chake alichokifanya."

Watu wote wakawageukia wale wawili.

"Shemeji," Kajiru akaanza, huku akitabasamu, "kama unavyomjua kaka yako, tangu zamani mkono wake ni..."

"Sema chako. Cha kaka yangu atakisema mwenyewe, ana mdomo."

"Mimi nilichoona ni kwamba yeye..."

"Chako, Kajiru!"

Alimwita kwa jina, bila ushemeji, mbele za watu. Tabasamu likamtoka Kajiru. Akatazama vibuyu vikavu, akawatazama wajukuu zake waliokuwa wameketi wakinyonya vidole. "Nilisogeza," akasema. "Kila palizi. Ukucha. Niliitaka chemchemi."

Mrindoko akacheka kwa uchungu. "Kumbe na wewe? Mimi nilidhani ninakupunja." Kisha akainamisha kichwa. "Nilisogeza, dada. Ukucha, kila palizi. Na mlango wako haukuwa umezeeka. Nilijua."

Nakijwa hakuwapigia makofi. Kusema kweli si tendo la kushangiliwa, ni kulipa ulichochukua. Akakata kijiti kimoja cha masale, akawaambia wakishike wote wawili, mkono juu ya mkono, wakichomeke pamoja katika ule ufa mkavu. Wakachomeka. Na kwa sauti moja wakasema, "Hapa ndipo mwisho wetu." Nchi ikasikia. Ikashusha pumzi ndefu chini ya nyayo zao, ikalegea.

Kajiru, kwa vile alikuwa ameshaonja ukweli na kuona hauui, akaleta wazo. "Basi turudishe masale yote nyuma, nchi ilale tena kama zamani."

"Umewahi kuukunjua utandu wa uji uliokunjamana?" Nakijwa akamuuliza. "Hautakunjuka. Mmeisimamisha, imesimama. Njooni."

Akawapandisha wote, na kelele za kupanda siku hiyo sitawasimulia, maana kila mmoja aliapa anakufa. Walipofika juu wakaona. Kaburi la mumewe lilikuwa palepale kando ya chemchemi, na chemchemi ilikuwa palepale juu ya mawe yake laini, ila pale pote pamehamia mbinguni kidogo. Mawingu yaliyokuwa yakipita zamani bila kugusa kitu sasa yalijikwaa kwenye mlima na kumwaga mzigo wao, nayo maji yalifurika. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na chini, maji yalijua pa kwenda. Nusu yaliteremkia mawio, nusu yaliteremkia machweo, bila kumuuliza Kajiru wala Mrindoko.

Mrindoko aliyatazama kwa macho yake yanayohesabu, akatingisha kichwa. "Muda wote ule tuligombea kitu ambacho kingejigawa chenyewe."

"Kazi mmeipata," Nakijwa akasema. "Maji yanaruka hovyo. Chimbeni mifereji."

Wakachimba. Mawio na machweo pamoja, kwa majembe yaleyale, wakitaniana nani mvivu, na chini ya mifereji wakajenga bwawa la kukusanya maji. Wanawake wakamjengea Nakijwa nyumba mpya kando ya chemchemi, na mlango wake ulifungika. Wale waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua palepale mlimani. Wakaona migomba inapenda ukungu, wakaona usingizi wa kwenye baridi ni mtamu, na wakaona kwamba mtu akikosea njia unaweza kumwita kutoka ng'ambo ya bonde, akasikia. Wakaridhika. Hakuna aliyewalazimisha, Mwajabu. Umesikia hapo?

Na kuanzia siku ile mpaka hii tunayoikanyaga, masale ya mpaka hayapandwi na mkono mmoja. Jirani na jirani hushika kijiti kimoja, mkono juu ya mkono, na anayepalilia mpaka wake humwita mwenzake asimame aone. Bwawa hili halisafishwi na ukoo mmoja pia, ndiyo maana leo tumetoka wote, na ambaye hakutoka tunamjua, na jioni nitapita kwake.

Lakini kitu kikubwa hakisimami ghafla kama mbuzi aliyeitwa. Nchi ilishaanza safari, na ingawa ilisikia, bado inajivuta kidogo, ukucha wa mwaka kwa mwaka, kama kucha zenu hizo zinavyoota bila ninyi kujua. Ndiyo maana milima haijaacha kupanda. Ndiyo maana siku nyingine vyombo hugongana kabatini na kuku huruka kwenye viota. Toka nje ya nyumba, simama uwanjani, ungoje. Usikimbilie mganga, usimsingizie jirani, labda kama umesogeza masale yake, hapo kamwambie.

Haya, nirudishieni jiwe. Nani kalikalia? Mwajabu, lipokee, wewe ndiye uliyelifukua. Lioshe, uliweke pale mdomoni mwa mfereji maji yanapoingilia, yasichafuke mtu akichota. Na ukienda kwenu tambarare, mama yako akikuuliza nani alilibeba jiwe la mto mpaka mawinguni, mwambie hakuna mtu aliyelibeba. Jiwe halijahama kwao. Kwao ndiko kulikopanda.